Risasi Isiyotupika

Daktari wa mifugo alikuwa amelala chali kwenye nyasi, tundu dogo kifuani, macho wazi kana kwamba bado anamngoja mtu amalize kuongea. Mtu huyo hakuwa amemaliza. Alisimama kando ya maiti, bunduki begani, akimfundisha koplo aina za risasi.

"Hizi zinaitwa ncha butu," alikuwa akisema. "Mtindo wa zamani. Ndani ni madini ya risasi, laini, nje gamba jembamba la shaba. Ikimwingia mnyama inafunguka kama uyoga. Babu zetu hawakuwa wajinga."

Koplo aliitikia kwa kichwa, maskini, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri. Inspekta naye alilelewa vizuri, ila miaka mingi ya kazi ilikuwa imemtoa adabu. Alipita katikati yao bila salamu, akapiga magoti kuitazama maiti.

"Wewe ni nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Naitwa Shabaha. Watu wote wananijua hivyo."

Ni jina alilojipa mwenyewe, kisha akawazoesha watu. Inspekta aliwahi kumsikia. Mtu wa kofia pana na mikanda mingi, asiyeweza kununua mkate bila kumsimulia muuzaji habari za nyati.

"Marehemu ni nani wako?"

"Shemeji yangu. Kaka wa mke wangu."

"Ulipiga mara ngapi?"

"Mbili. Ya kwanza ilikosa. Ya pili ilimpata kulungu, ikatokea upande wa pili, ikampata shemeji. Alizunguka nyuma ya kichaka bila kuniambia."

"Ulimwona?"

"Ningemwona ningepiga?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Shabaha alimtazama kwa huruma, ile wanayogawiwa wanawake wanaouliza habari za injini. "Dada yangu, mambo ya bunduki ni magumu kidogo."

"Nitajikaza."

Mfuata nyayo wao alikuwa amebaki kwenye gari, mbali, na alichoweza kusema ni kwamba alisikia milio miwili. Kwa hiyo hadithi ya Shabaha ilikaa sawa. Ilikaa sawa mno, kama kitanda kilichotandikwa na mgeni.

Inspekta alimwendea kulungu. Dume zuri, limelala ubavu. Nyuma ya bega palikuwa na tundu la duara, dogo. Aliomba msaada wa koplo, wakamgeuza. Upande wa pili palikuwa na mpasuko mnyoofu, kingo zake safi.

"Risasi gani hii inayotokea kwa mstari?"

"Nilipanua kwa kisu," Shabaha alisema. "Nione ilivyopita. Mwindaji lazima ajue."

"Shemeji yako amelala pale, wewe unapasua kulungu?"

"Alikuwa ameshakufa."

"Nani?"

Shabaha alifikiri kidogo. "Wote wawili."

Inspekta alisimama, akapangusa magoti. Alikuwa amekutana na wauaji wengi waliomtia hofu na wachache waliomtia huzuni. Huyu alimtia kinyaa tu, na bado hakujua kama ni muuaji.

"Mpakieni kulungu," alimwambia koplo. "Na ngozi yake yote."

"Afande, nyama nayo ni kielelezo?"

"Hasa nyama."

"Kwa jua hili, kielelezo hicho kitatuhamisha kituo."

Kesho yake daktari wa hospitali alimaliza uchunguzi wa maiti, akaleta risasi aliyoitoa kwenye uti wa mgongo wa marehemu. Ilikuwa imefunguka kama uyoga. Mtaalamu wa silaha alithibitisha kwamba imetoka kwenye bunduki ya Shabaha, jambo ambalo Shabaha mwenyewe hakulikana. Mkemia aliombwa aangalie kama risasi hiyo ina damu ya mnyama. Mkemia alisema ana foleni.

Mkuu wa kituo hakuwa na subira ya foleni. Alikuwa na kipaji kimoja tu maishani, cha kujua nani atakuwa nani kesho.

"Ni ajali," alisema. "Mtu mwenyewe Jumamosi anapewa uenyekiti wa chama cha wawindaji. Jioni namrudishia bunduki yake na jalada nalifunga."

"Ule mpasuko ni wa kisu, mkuu."

"Kwani kumchana kulungu ni kosa?"

"Aliyepasua alikuwa anatoa kitu. Risasi ya mtindo ule ikimpiga kulungu wa ukubwa ule mara nyingi huishia chini ya ngozi ya upande wa pili. Nadhani haikutoka. Nadhani aliitoa yeye."

"Basi ilete."

"Mtu mwenye akili angekuwa ameitupa porini."

"Umeona sasa."

"Nimesema mtu mwenye akili, mkuu."

Mkuu alimpa mpaka jioni, na akamwomba asimtie aibu. Inspekta alitamani kumjibu kwamba kazi hiyo mkuu alishaifanya mwenyewe zamani.

Mlango wa nyumba ya Shabaha ulifunguliwa na mkewe. Alikuwa na macho makavu yaliyovimba, na hakuwakaribisha Inspekta na koplo mara moja. Alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

"Kaka yangu anazikwa kesho," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu anataka tukae pamoja mbele ya watu, nimshike mkono, kila mtu aone kwamba ilikuwa ajali. Nikishamshika, mama, nimemsamehe mbele ya ukoo mzima. Hakuna kurudi nyuma. Niambieni kwanza nashika mkono wa nani."

"Tupe saa moja," Inspekta alisema.

"Mimi nimempa miaka kumi na tisa. Saa moja si kitu."

Shabaha aliwapokea kwenye chumba chake cha mawindo. Kuta zote nne zilijaa vichwa vya wanyama waliotazama mbele kwa macho ya kioo, kama abiria waliochoshwa na dereva anayesimulia. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha nyati, juu ya kiti chake. Inspekta hakuuliza, lakini aliambiwa.

"Risasi moja," Shabaha alisema. "Ncha butu, hii hii. Alikuja amenilenga mimi. Nilimngoja mpaka nikaona pua inavyolowa. Mpaka leo wanaizungumza."

"Nani wanaizungumza?"

"Watu."

Chini ya nyati palikuwa na kabati dogo la kioo. Watu wengine huweka humo picha za watoto. Shabaha aliweka risasi alizozichomoa kwenye mizoga, kila moja juu ya kipande cha kitambaa cheusi, zimepangwa kama meno. Nyingine zilifunguka upande mmoja, nyingine zilibaki gamba tupu. Zote zilikuwa zimefifia, kijivu kama jivu la jiko. Zote isipokuwa moja, iliyokaa peke yake mbele, karibu kabisa na nyati.

Inspekta aliiona, akaangalia pembeni. Alikaa bila kukaribishwa, akaweka mguu juu ya mguu.

"Shemeji yako alikuwa anatumia risasi gani?"

"Hizi mpya. Shaba tupu, ndani mpaka nje. Tundu huku, tundu kule, mnyama anatembea mpaka anachoka. Nilimwambia mara mia."

"Mimi nasikia alikuwa sahihi."

"Sahihi kwa lipi?"

"Nimeulizauliza. Wanasema hizi zako zilikuwa nzuri enzi hizo kwa sababu hapakuwa na nyingine. Ikigonga mfupa wa bega inapasuka. Gamba huku, risasi kule, mnyama anaondoka na kidonda chake. Takataka za makumbusho, mmoja aliniambia."

Koplo alimtazama bosi wake kwa mshangao. Shabaha alikuwa amevimba shingo.

"Nani alikwambia?"

"Watu," Inspekta alisema.

Mori ulimpanda Shabaha. Alifungua kabati, akachukua ile iliyokaa mbele, akaiweka kiganjani na kumsogezea Inspekta puani. Ilinuka sabuni.

"Tazama hii, halafu nenda ukawaambie hao watu wako. Imevunja mbavu, imepita moyo, imekaa chini ya ngozi ya upande wa pili. Imefunguka sawasawa pande zote. Gamba halijabanduka hata kidogo. Ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupata."

"Ni nzuri kweli," Inspekta alisema, na alisema kweli. "Ya mnyama gani?"

Ndipo Shabaha alipokumbuka kwamba anaongea na polisi. Kiganja kilianza kujikunja.

"Pofu, yule swala mkubwa. Wa zamani."

"Usikunje mkono. Koplo, mfuko wa vielelezo." Inspekta aliichukua kwa kibano, akaigeuza dirishani. "Nyingine zote zimepauka, hii inang'aa. Na hapa, kwenye mkunjo wa shaba, pana unywele umebanwa. Sabuni haikuufikia. Ngozi ya kulungu tunayo. Mkemia ana foleni, lakini atafika."

"Manyoya yanafanana. Nimesema ni ya pofu."

"Sawa. Basi nisaidie, maana mambo ya bunduki kwangu ni magumu." Aligeukia koplo. "Andika maelezo yake. Kwamba kulungu alisimama wazi, na risasi ya kwanza, ya ncha butu, ilimkosa. Andika kwamba ya pili ilipita ndani yake, haikukaa, ikaenda zake mpaka kwa mtu aliyesimama nyuma. Maelezo hayo nitayasoma mbele ya chama chenu chote wakiniuliza. Kwamba mtindo wa zamani ulikosa, na ulipopata haukutulia. Daktari wa mifugo alikufa akiwa sahihi."

Koplo aliandika. Kalamu ilikwaruza polepole, kwa kuwa mwandiko wa koplo haukuwa wa haraka, na safari hii ikawa faida.

"Tia sahihi hapa," Inspekta alisema. "Jioni unachukua bunduki yako."

Shabaha alishika kalamu. Mbele yake palikuwa na uhuru wake wote, kwa gharama ya sentensi mbili. Mwizi wa kuku angetia sahihi na kuuliza kama kuna nyingine. Shabaha alizisoma, akazirudia.

"Haikukosa," alisema.

"Ipi haikukosa?"

"Ya kwanza. Alianguka palepale aliposimama. Hakupiga hata hatua moja." Aliitupa kalamu mezani. "Ni hii. Hii hapa ndiyo iliyomwangusha. Siwezi kuandika kwamba ilikosa."

Koplo alisimama, akamsomea onyo: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litatumika mahakamani. Haki ya kunyamaza. Ilikuwa kama kumpa kobe baiskeli.

"Na ya pili?" Inspekta aliuliza.

"Nilimwita aje aone. Nikamwambia, umeona, shemeji? Mtindo wa zamani. Akaja, akamtazama kulungu, akacheka. Akasema, kulungu si nyati."

Inspekta aliinua macho kuelekea ukutani. "Nyati huyu?"

Shabaha alifunga mlango wa kabati la kioo.

"Nyati huyu ni wa nani?"

"Risasi yangu ilipasukia begani kwake," Shabaha alisema. "Akanijia. Nilitupa bunduki, nikakimbia. Shemeji ndiye aliyempiga, na ile shaba yake. Akaniambia nichukue kichwa, dada yake afurahi. Akaapa hatasema."

"Akasema?"

"Jana alisema, Jumamosi wakikupa kiti, labda nisimame niwasimulie kidogo. Alikuwa anacheka."

"Alikuwa anakutania. Ni shemeji yako, akutanie nani?"

"Alicheka. Akanipa mgongo, akaenda kuvunja matawi ya kumfunika kulungu. Alipogeuka bado alikuwa anacheka. Nikapiga."

"Umemuua mtu kwa kicheko."

"Kwa jina langu."

"Ulilojipa mwenyewe," Inspekta alisema. Alijisikia kuchoka ghafla. Alikuwa amekitegemea kisa kiwe na kimo fulani, urithi, wivu, hata uhasama wa zamani wa kiume, na badala yake alikuwa amekalia kiti cha mtu aliyempiga risasi kaka wa mkewe, akaosha ushahidi kwa sabuni, akauweka kwenye kioo ili autazame.

Mke wa Shabaha alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua tangu lini. Shabaha alimwona, na jambo la kwanza lililomtoka kinywani halikuwa kuomba msamaha.

"Mke wangu, habari ya nyati usiwaambie watu."

Mkewe aliingia chumbani.

"Habari ya nyati naijua tangu wiki mliyorudi," alisema. "Kaka alinieleza. Mfuata nyayo naye aliwaeleza wenzako. Chama chote kinajua. Ukianza tu kusimulia wanakonyezana."

"Wote?"

"Wote. Kila mwaka kulikuwa na mmoja anayetaka kukuumbua, na kila mwaka kaka alimfuata nyumbani kwake kumwomba akuache. Uenyekiti huo amekuombea yeye. Alisema labda wakikupa kiti utakaa kimya."

Shabaha alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amfahamu, hakikutoka kitu. Alinyoosha mkono kuelekea kwa mkewe, kiganja juu, mkono uleule uliokuwa umeishika ile risasi.

Mwanamke aliuangalia mkono huo kana kwamba unaomba chenji. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Mshikeni nyinyi, mama," alisema, akaenda kumpigia simu fundi wa jeneza.

Koplo akatoa pingu.