Mkaaji wa Chumba cha Darini

Mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza dole gumba lile lilikuwa la nani. Lilikuwa limegandamizwa kwenye kibali cha ujenzi, ndani ya jalada la nyumba ya marehemu Lyamba, kwa kitu cha kahawia ambacho bado kilinata. Halikuwa na mistari. Dole la mtu lina mistari. Lile lilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Mwalimu Séverine aliliona mwaka 1994, alipokwenda ofisi ya ardhi pale Mpanda kukagua karatasi kabla ya kununua. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Wema, wa miaka saba, na kila walichoachiwa kilikuwa kinaingia kwenye nyumba ile. Ilikuwa nyumba ya kawaida, isipokuwa chumba kimoja kilichojengwa juu, kati ya dari na bati, ambacho hupandwa kwa ngazi ya mbao. Kashinje, mpwa wa marehemu aliyekuwa anaiuza, alimweleza kwamba mjomba wake alifanya biashara ya asali, na huko juu ndiko alikoweka mizinga. Séverine hakutaka siku moja aambiwe abomoe. Ndiyo maana alikwenda kukagua.

Karani aliitwa Evarist. Alimfunulia jalada: ramani ya chumba cha juu ipo, mhuri upo. Mbele ya neno mwombaji paliandikwa Lyamba. Mbele ya neno mkaaji hapakuwa na jina, ila lile dole.

Séverine aliuliza ni la nani. Evarist hakujua, kibali kilipitishwa kabla yake. Alicheka kidogo, akasema labda mzee aliwapangishia nyuki. Baada ya mauzo, walipofika kwenye kubadilisha majina, akauliza huko juu atalala nani, na Séverine, aliyependa kila kitu kiwe sawasawa, akajibu, "Andika Wema." Karani akalikata dole kwa mstari wa rula, akaandika jina la mtoto juu yake.

Warina asali wa misitu ile hawamalizi mzinga. Sega moja huachwa mtini kwa mwenyewe, na hakuna anayeuliza mwenyewe ni nani. Lyamba alishusha mizinga yake yote akaileta mjini, na aliyekuwa akiachiwa sega akaifuata. Mzee akamjengea chumba. Huenda aliogopa tu, kama ambavyo yeyote angeogopa. Lakini hayo Séverine aliyajua amechelewa.

Walihamia kiangazi. Wiki ya kwanza ilikuwa harufu tu, ya nta inayoyeyuka, kila saa saba mchana bati likipata moto. Séverine alipanda akafagia, hakukuta kitu. Wiki ya pili ukaja mvumo, wa chini, kama wa nyuki walio mbali. Akapanda tena. Hakukuwa na nyuki hata mmoja, na ukuta alioushika ulikuwa unatetemeka kama ubavu wa mnyama anayehema.

Wema, ambaye kitanda chake kilikuwa huko juu, akaacha kula. Akawa analala mchana, mikono imenyooka ubavuni, na ngozi yake ikaanza kuteleza kwenye kitambaa mama yake alipomwogesha.

"Mama, kule juu tunabanana," alisema siku moja, taratibu.

"Na nani?"

"Ananiambia nisogee. Nimesogea mpaka nimeisha."

Siku ileile Séverine alimbeba mgongoni mpaka Kasokola, kwa dada yake Odeta, akaamini ameshinda kwa sababu nyumba imebaki nyuma. Lakini kesho yake saa saba, wakiwa kivulini wanapukuchua mahindi, harufu ya nta ikawafikia palepale uwanjani, na mvumo ukaanza, na Odeta akatazama juu, akatazama mitini, akatazama chini ya jamvi, kisha wote wawili wakaelewa kwa pamoja kwamba mvumo unatoka kifuani mwa mtoto.

Walimleta maalim Yunus, mtu wa Karema aliyekuja mjini kuuza dagaa, wakamweleza yote, pamoja na lile dole. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Kila alipopandisha, mvumo nao ulipanda. Mwishowe akafunga kitabu.

"Mama Wema, huyu siwezi kumfukuza," alinong'ona. "Hakuvamia. Alipewa chumba kwa maandishi, nyie mkamkata. Sasa anakaa kwenye jina mliloandika juu yake."

"Mimi nilikuwa nakagua tu, maalim."

"Najua, mwanangu."

Séverine alikwenda kupiga magoti mbele ya meza ya Evarist. Yule karani hakumcheka. Alitafuta kwenye kanuni zake, akamwambia ukweli: jina la mkaaji halifutwi ila chumba kiwe hakipo. Na chumba hicho ndicho kilichobeba paa lote; kikiondoka, bati lote linaondoka. Yunus, aliyekuwa mlangoni, akasema basi, kisiwepo.

Ikaamuliwa hivyo na watu watatu, mvua zikiwa karibu.

Fundi Salvatori alikubali, akapanda na nyundo, akashuka kabla ya kung'oa hata msumari mmoja. Aliiweka nyundo chini, akaenda kwao bila kuichukua. Mafundi wengine hawakufika hata getini. Basi Séverine akajifunga khanga kiunoni, akamlaza Wema, waliyemrudisha mjini asubuhi ile, barazani kwa jirani, Odeta akimshika, na saa saba, jua likiwa utosini na bati likiunguza magoti yake na mvumo ukimjaa meno na macho na mifupa, akaanza kung'oa, bati la kwanza, la pili, akiyasukuma yaanguke uani, akilia, akiomba radhi kwa asiyemjua, bila kuthubutu kuchungulia shimo alilokuwa analifungua.

Alipoliachia la mwisho, mvumo ulikatika. Upande wa pili Wema alikaa kitako akaomba ugali. Evarist, aliyesimama barabarani na jalada, alifuta jina palepale.

Kazi ilifanywa na Séverine, majirani wote ni mashahidi. Yeye mwenyewe alisema alitoa mabati tisa tu. Paa lilikuwa na ishirini. Yaliyobaki, alipoyafikia, misumari ilikuwa imeshatoka, na kila moja lilikuwa linasukumwa kutoka ndani.