Msamaha Uliokosea Mlango

Kila nilipotoka shule nilipitia kwa mama, kwenye chumba chake cha ushonaji. Kazi yangu ilikuwa kufagia vipande vya nyuzi, kuokota pini kwa sumaku, na kupiga domo. Kwa hilo la mwisho sikuwa na mpinzani, ndiyo maana hata mwalimu wangu aliniita Kasuku. Mama alikaa kwenye cherehani ya kwanza, karibu na dirisha. Cherehani ya pili ilikuwa ikimsubiri Dada Vifungo.

Dada Vifungo alikuwa msichana aliyekuja kujifunza ufundi. Tulimpa jina hilo kwa sababu miezi minne ya kwanza hakufanya kingine ila kushona vifungo, na hakununa hata siku moja. Baadaye alijua kukata, kupinda na kupiga pasi. Mama alikuwa amemwahidi kwamba mwaka mpya ukianza atakalia cherehani ya pili, awe fundi kamili. Kila asubuhi aliifuta vumbi kana kwamba imeshakuwa yake.

Desemba ile tulishona majoho meupe ishirini na manne ya kwaya ya kanisa letu. Yalitakiwa Jumapili ya mwisho wa mwaka. Siku moja mama alikwenda kununua uzi, na Dada Vifungo akatoka kuchota maji.

"Kasuku, usiguse pasi," aliniambia akiwa mlangoni. "Nimeiacha ina moto."

"Siigusi, dada."

Kumbe nilikuwa nimeshaitamani. Nikalaza joho moja mezani, nikaanza kulinyoosha kwa mbwembwe huku nikiimba. Mara nikasikia kishindo nje, mbele ya duka la kinyozi. Mwendesha baiskeli alikuwa ameanguka na trei zake za mayai, na watu wanacheka. Nikakimbilia mlangoni kutazama. Harufu ya kuungua iliponirudisha, pasi ilikuwa imelala palepale nilipoiacha, na kifuani pa joho pamebaki alama ya kahawia yenye umbo la pasi.

Nililikunja lile joho, nikalichomeka katikati ya mengine, nikashika ufagio. Dada Vifungo aliporudi alinusa hewa, akaitazama pasi, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza kitu. Nami, Kasuku mzima, nikainama kuokota pini.

Kesho yake mwalimu wa kwaya alikuja kuyaona majoho. Mama aliyafunua mojamoja kwa fahari, mpaka akafika pale katikati.

"Nani aliyapiga pasi haya?" aliuliza.

"Ni mimi, mama," alijibu Dada Vifungo. "Lakini hilo sikuliunguza."

"Kasuku! Wewe ulikuwepo. Uliona nini?"

"Mimi nilikuwa nafagia tu, mama."

Mama aliona aibu mbele ya mgeni, na aibu ile ikageuka hasira. "Kuunguza nguo si ajabu, hata mimi nimeunguza nyingi. Lakini kuficha, halafu ukane mbele ya macho yangu! Nenda nyumbani, binti. Mtu asiyesema kweli siwezi kumkabidhi cherehani."

Dada Vifungo alivua futi ya kupimia aliyokuwa ameivaa shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani ya pili. Alipofika karibu yangu alisimama kidogo. Alikuwa ananipa nafasi. Nilikazana kufagia mahali palipokuwa safi.

Siku zilizofuata nilisali kuliko nilivyowahi kusali. Nilisali nikioga, nikasali nikitandika kitanda: Ee Mungu, nisamehe lile joho. Nilijiambia kwamba akishanisamehe yeye mambo yamekwisha, hakuna haja ya kumsumbua mama. Lakini kila nikisema amina, ile futi iliyokunjwa ilinijia machoni. Niliona vibaya sana, na bado nikanyamaza.

Jumapili ya mwisho ikafika. Kwaya ilisimama na majoho yake, moja likiwa na kifua kipya ambacho mama alikibadilisha harakaharaka. Mahubiri yalipokwisha, mchungaji alitutazama akasema, "Kama humu ndani yumo mtu mliyekosana naye, inuka umwendee kabla mwaka haujaisha. Kwaya itaimba mpaka wa mwisho arudi mahali pake."

Mabenchi yakalia. Watu wakaanza kufuatana, wakishikana mikono, wengine wakijifuta machozi. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya nasali. Mara mama akainuka kando yangu, akaelekea nyuma, kwenye benchi la karibu na mlango. Huko alikuwa amekaa Dada Vifungo. Nikamfuata.

"Binti yangu," mama alisema kwa upole, "tusiingie mwaka mpya na kinyongo. Lile la joho nimekusamehe."

Dada Vifungo alifumba macho. "Asante, mama," alisema.

Hapo nilishindwa. Alikuwa anashukuru kwa kusamehewa kosa langu.

"Mama, msamaha huo si wake," nilisema. "Ni wangu. Mimi ndiye niliyeliunguza."

Kwaya ilikuwa bado inaimba. Mama alipiga magoti sakafuni, mbele ya msichana aliyemfundisha kushona vifungo. "Nimekuaibisha bure," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

"Inuka, mama, tafadhali. Nimewasamehe nyote wawili." Dada Vifungo alimshika mikono akamwinua, halafu akanigeukia. "Nilijua tangu siku ile, mdogo wangu. Nilikungoja useme mwenyewe. Iliniuma sana."

"Nisamehe, dada," nilisema huku nalia. Akanivuta kifuani.

"Rudi kesho," mama alimwambia. "Cherehani ni yako."

Alitikisa kichwa. "Nimepata kazi ya kushona magunia, mji wa mbali. Naondoka kesho asubuhi. Wenye kazi niliwaahidi miezi sita, na siwezi kuwageuka. Mwezi wa saba nitarudi, kama kiti kitakuwepo."

"Kitakuwepo," alisema mama.

Mwaka mpya ulipoanza, mama alileta kutoka kanisani lile joho la kifua kipya, akanipa kiwembe. Bega moja lilikuwa limekaa upande. Nilikuwa nimeshamweleza jinsi nilivyosali siku zile zote.

"Mshono ukikosewa tunafanyaje?"

"Tunafumua, mama."

"Wewe, kwa sala zile, ulikuwa unapiga pasi juu ya mshono uliokosewa. Mungu husamehe, mwanangu, hilo usilitilie shaka. Lakini usiifanye sala mahali pa kujifichia. Uliyemkosea alikuwa karibu, ulitakiwa umwendee. Na mimi nilikimbilia kuhukumu, nikakimbilia na kusamehe, wala sikukaa kuuliza."

Nilifumua polepole. Nyuzi zilipotoka, matundu madogo ya sindano yalibaki yamejipanga kwenye kitambaa. Nikamwuliza mama kama yatatoka.

"Likifuliwa, mengine yatajifunga," alisema. "Mengine yatabaki."

Nilipomaliza nilichukua kitambaa nikaifuta cherehani ya pili vumbi. Futi ilikuwa bado juu yake, imekunjwa vilevile. Niliiinua, nikafuta chini yake, nikairudisha. Nilifanya hivyo kila siku, na mwezi wa saba ulikuwa mbali sana.