Chai ya Karimi

Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri, Muchangi alikutwa ameanguka katika stoo anayofanyia kazi, kwenye kiwanda cha chakula cha kuku, Kianjokoma. Kando yake palikuwa na chupa ya chai. Koplo Lorna alipofika, mgonjwa alikuwa keshapelekwa hospitalini, na watu wamemzingira mkewe, Karimi, uani.

"Ni sumu, afande," alisema Mugendi, kaka wa Muchangi. "Miezi mitatu anadhoofika. Nani mwingine anampikia?"

Karimi alikuwa akilia tu. Lorna alimwonea huruma, lakini kazi ni kazi.

"Mama, anaumwa siku gani?"

"Jumatatu jioni kifua kinaanza kulia. Ijumaa hata kulala hawezi. Lakini Jumapili anaimba besi kanisani, mzima kabisa."

"Na wikendi anakula wapi?"

"Kwangu. Wapi tena?"

Ehe. Sumu gani hiyo inayochukua likizo wikendi? Lorna akaingia stoo. Vumbi jeupe lilimkereketa koo papo hapo. Magunia ya unga wa kuchanganyia chakula yalikuwa mapya, na kila moja lilikuwa na kiraka cha mraba cha utepe mahali pale pale.

"Ni panya, afande," alisema meneja, Nyaga. Alikuwa amesimama nje ya mlango, barakoa usoni.

"Panya wa kukata mraba? Ingia unionyeshe."

Nyaga hakuingia.

Simu ya Lorna ikalia, akaiweka kwenye spika. Daktari alisema ni pumu, si sumu. Muchangi amepewa dawa ya kuvuta na anapumua. Akauliza mgonjwa anavuta vumbi gani kazini.

"Umesikia swali," Lorna alimwambia Nyaga. "Mlikata nini hapa?"

Nyaga akatangulia hadi ofisini. Akatoa kwenye droo yake vipande vya mraba vilivyokatwa kwenye magunia, kila kimoja na picha ya uso uliofunikwa, na onyo kwamba vumbi la vimeng'enya vilivyomo kwenye unga huo huleta pumu.

"Munyi, aliyekuwa stoo kabla ya Muchangi, aliugua hivi hivi mwaka jana, akaacha kazi. Niliogopa wengine wakiona picha wataondoka wote."

"Na barakoa ulinunua ngapi?"

"Moja."

Hakuna aliyeuliza ya nani. Lorna akamwongoza hadi kwenye gari, kisha akamrudishia Karimi chupa yake.

Mugendi alisogea polepole. Mbele ya wote, akamimina chai kujaza kifuniko, akakimaliza.

"Nilikukosea, shemeji," alisema, macho chini.

Karimi akafuta machozi.

"Mbakishie ndugu yako," alisema.