Njia ya Kupita Sebuleni

"Wifi, inua upande wako! Usiburute, utakwangua sakafu!"

"Nimeinua, wewe ndiye uliyelala! Kochi gani hili, mmejaza mawe ndani?"

Kochi kubwa liligoma, likanyanyuka, likazunguka. Bi Mapazia na dada wa mumewe walilitua katikati ya sebule, mgongo ukiutazama mlango wa mbele, kisha wakajitupa juu yake wakihema na kucheka.

Sebule yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba. Mlango wa mbele huku, dirisha kule mwisho, na kwa muda mrefu makochi yalikuwa yamebanwa kwenye kuta mbili yakitazamana, katikati peupe kabisa. Wageni walitania kwamba ukikaa pale unasubiri kuitwa na daktari. Utani huo ulimuuma Bi Mapazia kuliko alivyoonyesha. Kazi yake ni kushona mapazia; anaingia majumbani mwa watu na tepu shingoni, anawashauri waweke nini wapi, na kweli nyumba zinapendeza. Ya kwake mwenyewe ilibaki ujia mtupu.

Leo alikuwa ameamua. Upande wa mlango ameweka meza ya kulia. Upande wa dirisha makochi yamesogeleana kulizunguka zulia, watu wakae waongee kama watu.

"Kaka anajua?" wifi aliuliza.

"Atajua akiingia. Nataka ashtuke."

"Kaka yangu hapendi kushtushwa."

"Wifi, nikwambie ukweli?" Bi Mapazia alishusha sauti. "Shida yangu si sebule nzuri. Nataka mume wangu akae karibu nami, basi. Tangu mama yenu atutoke, yeye anakaa ukuta ule, mimi ukuta huu. Rimoti tunarushiana. Juzi kanitumia meseji kuniuliza kama nataka chai, na tulikuwa humu humu ndani!"

Wifi alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Mkate, kama mtaa mzima ulivyomwita, alisimama kizingitini na mfuko wa mikate mkononi, unga ukiwa bado kwenye nyusi.

"Karibu, mume wangu! Ingia, usiogope, ni kwako hapa hapa."

Hakuingia. Macho yake yaliruka kochi, yakatafuta dirisha.

"Njia iko wapi?"

"Njia gani tena?"

"Mmeziba njia."

"Zungukia hapo kwenye meza, utapita tu, mbona..."

"Nani kawaambia mzibe njia?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliweka mikate mezani, akageuka, akatoka, na mlango akaurudisha polepole kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Nilikwambia," wifi alisema kwa sauti ndogo.

Bi Mapazia alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Akaandika: "Mume wangu, uko wapi? Nimekosa nini?"

Jibu lilikawia.

"Niko salama. Naomba uniache kidogo."

Alilisoma mara nyingi, na kila mara neno lile "kidogo" likamtia baridi zaidi. Kidogo mpaka leo jioni? Au ndivyo wanavyoanza wanaume wanaoondoka? Akachukua kitambaa chake cha kichwa, akamwambia wifi afunge mlango, akaelekea kwenye kiwanda cha mikate, maana alimjua mumewe: akiwa na furaha anakwenda kazini, akiwa na huzuni anakwenda kazini vilevile.

Alimkuta nyuma ya tanuri, ameketi juu ya kreti tupu ya mikate. Akavuta kreti nyingine, akaketi.

"Nimekuja kukuomba radhi, ingawa kosa silijui."

"Huna kosa, mke wangu."

"Basi rudi nyumbani."

Bwana Mkate alikung'uta unga kwenye mkono wa shati.

"Kama umenichoka, niambie hapa hapa. Nitalia, lakini nitakuwa nimejua."

Bwana Mkate aligeuka ghafla. "Nikuchoke wewe? Umepata wapi maneno hayo?"

"Kwenye makochi! Mwaka mzima unanikalia mbali!"

Alifuta uso kwa kiganja, unga ukazidi kumpaka.

"Mama alipokuwa kwenye kiti cha magurudumu," alianza, "kila alfajiri kabla sijaja kazini nilikuwa namtoa chumbani kwake. Namsukuma taratibu kupita katikati ya sebule mpaka dirishani. Namfungulia pazia, tunapiga stori mpaka muda wangu unafika. Wewe ulikuwa umelala."

"Sikuwahi kusikia. Wala mama hakuniambia."

"Tulikubaliana tusikuamshe. Mchana kutwa ulikuwa naye wewe. Mama aliniambia, 'Mwache mwanangu apumzike.' Mwanangu ni wewe, siyo mimi!"

Bi Mapazia aliziba mdomo kwa mkono.

"Alipoondoka, miguu yangu haikuacha. Hata leo alfajiri nimeanzia mlangoni kwa chumba chake, nikapita, nikafika dirishani, nikamsalimia, ndipo nikaja kazini."

"Kumbe ni wewe unayeliacha pazia wazi! Na mimi kila siku nalaumu upepo!"

Walicheka wote, na kicheko cha Bi Mapazia kikaishia kwenye kwikwi.

"Na kwa nini hukai karibu nami?"

"Nikikaa karibu nawe napata raha. Nikipata raha naona kama nitamsahau."

"Bwana wee!" Alimpiga begani, si kwa hasira. "Nani alikuwa akimsuka nywele? Nani alimlisha uji akamtemea kifuani, tukacheka mpaka tukakohoa? Umeuchukua msiba wote ukaubeba peke yako, mimi ukaniachia rimoti!"

"Nilidhani wewe umeshapoa. Hukulia."

"Nilijikaza kisabuni kwa sababu wewe hukulia!"

"Na mimi sikulia kwa sababu niliona wewe umejikaza."

Walitazamana kama watoto waliokamatwa. Mwaka mzima kila mmoja alikuwa akimwonea mwenzake huruma kwa kumnyamazia.

"Twende nyumbani," Bi Mapazia alisema. "Nitarudisha kila kochi ukutani. Hata saa hii."

Walipofika, wifi alikuwa ameshaondoka. Bi Mapazia alishika pembe ya kochi, akakunja mgongo kulisukuma, mumewe akamzuia.

"Ngoja. Lazima njia ipite katikati?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Inaweza kupita pembeni, ukuta ule wa chumba cha mama. Makochi yabaki kule ulikoyaweka, yasogee tu."

Wakasogeza. Meza wakaipisha, zulia wakalivuta. Kisha Bwana Mkate alichukua kiti kimoja cha mezani, akakisimamisha mlangoni kwa chumba cha mama, akakishika mgongo na kuanza kukisukuma kando ya ukuta, taratibu, kuelekea dirishani.

Bi Mapazia alibana pumzi. "Kinapita?"

"Hiki kinapita. Lakini cha mama kilikuwa kipana."

Bi Mapazia hakumkumbusha kwamba kiti kile cha magurudumu walishakigawa. Aliinama, akalisukuma kochi tena, tepu ikaning'inia shingoni.

"Na sasa?"

"Sasa kinapita."

Bwana Mkate alikiacha kiti pale dirishani, akarudi, akakaa. Bi Mapazia akakaa pembeni kwa adabu, kama mgeni.

"Sogea basi."

"Nisogee wapi? Kochi zima hili."

"Sogea huku kwangu, Bi Mapazia, usinitese."

Alisogea mpaka bega likagusa bega. Hakuna aliyewasha runinga.

"Kesho uniamshe," alisema.

"Usingizi wako naujua. Utanipiga teke."

"Nikupige nisikupige, uniamshe."

Alfajiri Bwana Mkate aliamshwa na kengele yake, akamgusa mkewe begani, akapigwa teke, akamgusa tena. Walitoka wakaanzia mlangoni kwa chumba cha mama. Njia haikuwatosha ubavu kwa ubavu, hivyo mume alitangulia na mke akafuata, amelishika shati lake kwa nyuma. Dirishani Bwana Mkate alifungua pazia, akakohoa kidogo. Aliona haya.

"Shikamoo, mama. Leo tuko wawili."

Bi Mapazia alikuwa na mengi ya kusema. Alimaliza shikamoo tu, machozi yakamshinda. Mumewe akamvuta kifuani, na hapo ndipo naye alipolia, kwa sauti, bila kujificha.

Siku hiyo mtaa mzima ulichelewa kupata mkate, na hakuna aliyeambiwa sababu.