Kikomo cha Tonton Télesphore

Mambo haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata tonton Télesphore, mume wa mama yangu mdogo Valérie, katika nyumba yao ya mtaa wa Nguba, na mimi nilikuwa ndani nikila ugali wao. Anayetaka kucheka acheke hapa mwanzoni, maana mbele nitakuwa sina hamu ya kucheka naye.

Ilikuwa mwaka 1985. Nilikuwa nimetoka kwetu Nyangezi na diploma yangu, na tonton alikuwa amenipatia kazi pale alipokuwa mkubwa, katika chumba cha ordinatère, yaani kompyuta, cha kampuni moja ya chai, karibu na ziwa. Kazini alikuwa citoyen, yaani raia, mtu mnene mwenye abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali kwenye karatasi. Nyumbani alirudi kuwa Télesphore. Asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama, akitazama kama kuna mtu aliyesogeza kiti.

Alikuwa mkono wa birika, lakini si kwa pesa wala chakula. Alibania nafasi. Viatu vyangu viishie hapa, sufuria za maman Valérie ziishie pale. Uani kulikuwa na chumba cha nje, kizuri, chenye sakafu ya saruji, na ndani hamkuwa na kitu ila baiskeli mbovu na mifuko ya saruji iliyobaki wakati wa kujenga. Hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Maman Valérie alipenda kumtania, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," naye alijibu kwamba mwenyeji wa nyumba hii hajaugua.

Kazini, tabia hiyohiyo ndiyo waliyomlipia. Ordinatère ilikuwa moja tu, kubwa, kama makabati ya nguo yaliyopangwa ukutani katika chumba chenye baridi. Lakini watu wa mishahara waliona wana mashine yao, wa depo yao, wa mashamba yao. Tonton alinieleza kwamba ni kama nyumba ya kupangisha ya kule Kadutu, iliyogawanywa kwa mbao nyembamba: kila mpangaji anajiona ana nyumba nzima, mradi asikohoe jirani. Hizo zilikuwa mashine zisizo na mwili. Kumbukumbu ya ordinatère ndiyo sakafu yao, na kila kipande cha sakafu kina anwani yake. Kila mashine huambiwa sakafu yako inaanzia anwani hii, inaishia ile. Ikikanyaga mbele zaidi, inasimamishwa.

Na kama mtu ameanzisha mashine bila kuitajia mwisho wake, ordinatère huipa kikomo cha kawaida, kilichowekwa mapema kwa wote wasiotajwa. Kuweka kikomo hicho kulikuwa kazi ya tonton peke yake. Kulihitaji mashine yake na neno lake la siri, ambalo hakumpa mtu. Alikiweka kidogo kabisa. Na mashine yake mwenyewe hakuiandikia kikomo chochote. Ilitumia kile cha kawaida kama ya yeyote, na alijisifu mbele yetu kwamba kinamtosha.

Kulikuwa na kijana pale kazini, Sumaili, mtoto wa wafanyabiashara wa Uvira. Alikuwa mwembamba, mpole, Mwislamu wa sala zake, na hodari wa kazi. Alipanga kibanda mlimani Kadutu. Mvua zilipochachamaa alikuja nyumbani kwetu Jumapili moja baada ya misa, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Chef," alisema, "udongo inapasuka nyuma ya nyumba. Munipe ile chumba ya inje, mpaka mvua iishe tu."

"Nafasi haiko, Sumaili."

Mlango wa chumba cha nje ulikuwa wazi. Tuliona wote baiskeli, na sakafu tupu. Sumaili aliitazama, akashukuru, akaaga. Maman Valérie aliondoa sahani ya mumewe kabla hajamaliza.

Siku chache baadaye, mchana, mvua kubwa ilinyesha na mlima ukateremka. Watu walichimba mpaka wakachoka. Walipata godoro lake na birika lake la kutawadhia. Yeye hawakumpata. Mama yake, Mwanvita, alikuja kutoka Uvira, akakaa kwenye mkeka wa majirani akitazama ule udongo mwekundu. Nilikwenda kumpa pole, nikalia tu.

Tonton aliifuta mashine ya Sumaili katika ordinatère. Ni kawaida; mtu akiondoka, nafasi yake hurudishwa.

Mambo yalianza siku moja saa ya chakula cha mchana. Wenzangu walikuwa wametoka, mimi nimebaki na viazi vitamu vyangu. Kioo cha meza ya Sumaili kikawaka. Kiliandika kwamba mashine ya Sumaili imeanzishwa, haikutajiwa mwisho, imepewa kikomo cha kawaida. Kisha herufi zikaja polepole, kama za mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

CHEF NAFASI IKO KIDOGO

Nilimwita tonton. Alisoma, akanuna, akasema huyo ni Emile, msaidizi wake, anafanya mchezo wa kijinga. Lakini Emile alikuwa Katana hospitalini, mke wake anajifungua. Tonton aliifuta mashine. Kesho yake, saa ileile, ikawaka tena. Aliifuta. Ikawaka. Kwenye vitufe vya meza ile tulikuta udongo, mwekundu, bado mbichi.

Basi tonton akaogopa. Nilimwona akijifuta mikono kwenye abacost, yeye ambaye hakuruhusu hata vumbi. Akaongeza kikomo cha kawaida. Kioo kikazimika. Jioni alirudi nyumbani amechangamka kidogo.

Usiku huo mlango wa sebule haukufunguka wote. Uligonga meza. Tonton aliuliza nani amesogeza meza, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Baada ya siku mbili kioo kiliwaka tena, kwa maneno yaleyale. Aliongeza tena. Nyumbani kitanda chao kikagusa kabati, na maman Valérie akawa anapita ubavu. Aliongeza mara ya tatu. Nilipolala, miguu yangu ilifika ukutani kabla sijainyoosha. Ukuta ulikuwa baridi, na unyevunyevu.

Tulijifunza kukaa kwa kujikunja. Kwa nje nyumba ilikuwa ileile, jirani anapita anasalimia kama kawaida. Kwa ndani tulikuwa tunagusana magoti mezani. Nafasi aliyopewa Sumaili ilikuwa inatoka mahali fulani, na sisi ndio tuliokuwa tumekaa mahali hapo. Nilitaka kurudi Nyangezi. Lakini ningemwachaje mama yangu mdogo ndani ya nyumba inayojifunga?

Yeye ndiye aliyemwita Mwanvita. Mama huyo aliingia, akatazama kuta, akaelewa bila kuelezwa. Alikataa kiti.

"Mutoto yangu hakuombaka ordinatère," alisema kwa sauti ya chini. "Aliombaka chumba. Mumupe chumba."

Maman Valérie alimsihi mumewe. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo: kutoa baiskeli na saruji, kufagia, kutandika mkeka, kumwacha Mwanvita alale humo na kumwombea mwanawe. Tonton aligoma. Alisema akimfungulia maiti leo, kesho wazima watapanga mstari kwenye geti. Mwanvita alitoka kwa kujipenyeza kati ya meza na ukuta, akaenda zake.

Kesho yake tonton aliniambia amepata dawa. Kama Sumaili anakuja bila kutajiwa mwisho, na kila asiyetajwa hupewa kikomo cha kawaida, basi kikomo hicho kitakuwa sufuri. Atakuja, atakuta hakuna sakafu hata ya kuweka unyayo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aliingia kwa neno lake la siri, akakiweka sufuri, akagonga kitufe cha mwisho kwa nguvu. Kioo cha Sumaili kilikuwa kimeanza kuandika.

CHEF NA

Kikazimika.

Tulirudi nyumbani mchana huohuo. Mlango ulifunguka wote. Meza ilikaa katikati ya sebule kama zamani. Tonton alicheka kwa sauti, akazunguka meza mara kadhaa akiwa amenyoosha mikono, akaomba ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akala akamaliza. Maman Valérie hakucheka. Alikuwa akitazama ufa uliobaki ukutani, nyuma ya kabati.

Tonton akasema ataziba ufa huo leo leo. Akatoka kwenda chumba cha nje kuchukua saruji. Nilimwona akiingia. Kulikuwa na jua uani. Mlango ukajifunga nyuma yake polepole, bila upepo.

Kisha sauti yake, ndogo, karibu kabisa na mbao za mlango.

"Valérie. Fungula."

Maman Valérie alivuta. Mlango haukuwa na ufunguo, haukuwa na komeo. Haukusogea.

"Valérie, nafasi iko kidogo."

Tulivuta wawili. Tukaita majirani. Wanaume wakaja na nyundo, wakang'oa bawaba, mlango ukaanguka.

Ndani hamkuwa na chumba. Kulikuwa na udongo, kutoka sakafuni hadi juu, umeshindiliwa sawa na kizingiti. Udongo mwekundu wa Kadutu. Wa kwetu Nguba ni mweusi. Usukani wa baiskeli ulikuwa umetokeza nje, na unatetemeka kidogo, kama mtu ameushika kwa upande wa pili.

Walichimba. Walibomoa na ukuta wa nyuma, wakakuta udongo. Rundo likajaa uani, likawa kubwa kuliko chumba chenyewe, na udongo haukuisha. Sauti ilikuwa inaita bado. Lakini kila koleo lilipoingia, sauti ilikuwa mbali zaidi. Ikawa kama ya mtu wa nyumba ya pili. Ikawa kama ya mtu wa ng'ambo ya ziwa. Wanaume waliweka makoleo chini, mmoja mmoja, na hakuna aliyewalaumu.

Asubuhi nilikwenda kazini na maman Valérie. Hakuwa amewahi kuingia humo. Baridi ilimfanya ajikunje kwenye pagne, kitenge chake. Emile alikuwa amerudi kutoka Katana. Alikuwa ameketi mbele ya kioo cha Sumaili, na hakuinuka kutusalimia.

CHEF AMEFIKA TUKO WAWILI

Na chini yake, mstari mwingine, haraka, herufi zikirukana:

VALERIE ONGEZA

Maman Valérie alimwomba Emile aongeze. Alimwomba kama mtu anavyomwomba daktari. Emile alieleza taratibu, machozi yakimtiririka. Kikomo cha kawaida kinabadilishwa kutoka mashine moja tu, ya chef. Na mashine ya chef haikuandikiwa kikomo chake. Ilikuwa ikitumia kile cha kawaida. Kilipokuwa sufuri kwa wote wasiotajwa, kilikuwa sufuri na kwake. Haiwezi tena kuwaka. Na neno la siri, hata kama ingewaka, hakulijua mwingine.

"Alitupima sisi wote, maman," Emile alisema. "Yeye mwenyewe hakujipima."

Maman Valérie aliweka kiganja kwenye kioo. Alikaa hivyo mpaka watu wa umeme walipokata mkondo, kama walivyokata kila siku, na ordinatère yote ikanyamaza. Ilipowashwa tena, kioo hicho hakikuandika kitu. Wakubwa wa kampuni waliandika kwamba tonton amehama bila kuaga.

Tangu hapo nyumba ya Nguba haikumnyima mtu nafasi. Mwanvita aliletwa akapewa chumba cha mbele, akakaa humo hadi alipofariki. Walikuja wanafunzi, waliokimbia mvua, na baadaye wengine waliokimbia mambo mabaya kuliko mvua. Walilala hata kwenye korido. Maman Valérie alitandika mikeka na kusema karibu, tutabanana. Chumba cha nje alikirudishia mlango na ukuta, lakini mlango huo hakuufunga hata siku moja. Ukisimama mlangoni ulikutana na udongo.

Ila udongo ulikuwa unarudi nyuma. Kidogo sana. Aliniambia hivyo, nikadhani ni huzuni inayomsemesha. Mwaka wa kwanza nilipojaribu, ngumi yangu iliingia. Miaka ilipita, watu wakapokelewa, na shimo likafika kwenye kiwiko. Mara ya mwisho nilipokwenda, nyumba ilikuwa imejaa wageni hata jikoni, na mkono wangu uliingia hadi begani. Ndani kulikuwa na hewa, ya vuguvugu. Nilimwita tonton kwa jina lake la ubatizo. Nilimwita na Sumaili.

Kitu kilishika mkono wangu kwenye kiwiko. Hakikuvuta. Kilishika tu, kama mtu anavyoshika ukingo wa kitanda gizani, kisha kikaachia.

Nilitoka nikikimbia mpaka kwenye mwanga wa uani. Maman Valérie aliutazama mkono wa blauzi yangu, nyeupe, mpya. Ulikuwa na alama za vidole, za udongo mwekundu, bado mbichi. Aliziangalia kwa muda mrefu, akaweka juu yazo kiganja chake mwenyewe, kidole juu ya kidole, apate kuelewa zimekaaje.

Zilikuwa za mikono miwili, mmoja mnene, mwingine mwembamba, na yote miwili ilikuwa ya kushoto. Blauzi hiyo ninayo hadi leo, na sijaifua.