Kipimo cha Mate

Jumatano, saa moja jioni

Chumba cha nyuma cha duka la Kinuthia kilinuka samaki wakavu. Ndiyo maana walikichagua. Chochote kilicholala humo usiku mmoja kilitoka kikinuka samaki, hata bangi.

Duka lilikuwa Toongabbie, mtaa wa ughaibuni, karibu na stesheni. Mbele yalipangwa mafuta ya mawese, unga wa ugali na nywele bandia. Nyuma palikuwa na meza moja na watu wanne.

Kinuthia, mwenye duka na shemasi wa kanisa, alikaa kichwani mwa meza. Kulia kwake alikaa Apondi, msimamizi wa ghala la bangi ya matibabu huko Villawood. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo. Mkabala naye alikaa Olivier, mtu wa mabega mapana, aliyehudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee Westmead. Wa nne alikuwa dereva, Mushagalusa. Wote walimwita Musha. Mke wake, Faida, alikuwa dada wa Olivier.

Apondi alieleza kama mwalimu.

"Ndani kuna vitu viwili. Kuna mafuta ya CBD, ambayo hayaleweshi mtu. Kwa sheria ni dawa ya cheti cha daktari, basi. Yanakaa kwenye rafu. Halafu kuna maua yenye THC, ile kemikali inayolewesha. Hiyo ndiyo bangi yenyewe. Hayo sheria inataka yakae kwenye chumba cha chuma, na kamera, na mtu mmoja wa kuwajibika."

"Na huyo mtu ni wewe," Kinuthia alisema.

"Ndiyo. Kwa hivyo mnifunge vizuri. Mkinifunga ovyo, maswali yote yatakuja kwangu."

"Mama, nitakufunga mpaka ulie," Olivier alisema.

"Jaribu uone nani atalia."

Walicheka. Kinuthia aliwatazama mmoja mmoja.

"Na hapa kuna mtu amewahi kuvuta hii kitu?"

Hakuna aliyewahi. Apondi aliimba kwaya. Olivier hakugusa hata bia. Musha alivuta sigara, lakini sigara tu.

"Maze, tunaenda kuiba mali hatujui hata ladha yake," Kinuthia alisema. "Kanisa zima limekaa hapa."

Mpango ulikuwa rahisi. Musha na Olivier wangeingia kama wasafirishaji wa vifurushi, wenye sare na barakoa. Wangemfunga mlinzi na Apondi. Wangepakia maua na kuondoka. Olivier angeshuka Westmead awahi zamu yake. Musha angeendelea peke yake hadi uwanja wa magari mabovu nje ya Toongabbie, ambako mnunuzi angesubiri.

"Kwa nini peke yangu?" Musha aliuliza.

"Dereva mmoja havuti macho ya mtu," Kinuthia alisema. "Wawili wanaulizwa wanaenda wapi."

Ilikuwa hoja nzuri. Musha aliikubali.

"Fungu langu nitalichukua kwa mafuta," alisema. "Yale ya CBD."

Kinuthia alikunja uso. "Buda, hayo mafuta hakuna mtu atanunua mtaani."

"Sitauza."

Olivier aliweka mkono begani mwake. "Ni ya mtoto. Muache."

Vanessa, binti wa Musha, alikuwa na kifafa. Mafuta yalipunguza degedege. Daktari aliyaandika kwenye cheti, lakini kwa aina yake ya ugonjwa serikali haikulipia hata tone. Musha alikuwa ameshauza gari lake.

Jambo jingine walilijua wote mezani, na halikuhitaji kusemwa. Olivier, Apondi na Kinuthia walikuwa wameapa kiapo cha uraia. Musha alikuwa na visa tu. Mwanasheria alikuwa amemweleza bila kupamba: ukifungwa mwaka mmoja au zaidi, visa inafutwa. Baada ya jela ni kituo cha kuzuilia wahamiaji pale Villawood, kisha ndege. Vanessa alizaliwa hapa. Yeye angebaki.

Alhamisi, saa nne asubuhi

Mlinzi alikuwa Mfiji mzee mwenye miwani. Aliwafungulia mwenyewe, akasogea apishe kitoroli. Olivier alitoa bastola bandia, mzee akanyoosha mikono, naye akampiga kwa kitako chake. Hilo halikuwemo kwenye mpango.

"Alikuwa ameshanyoosha mikono!" Musha alisema.

"Pakia."

Damu ilishuka kwenye sikio la mzee. Musha alimlaza ubavu asije akapaliwa. Apondi alifungwa mikono na miguu kwa utepe wa gundi. Alilia kidogo kwa ajili ya kamera. Alilia vizuri.

Chumba cha chuma kilikuwa wazi. Ndani, mitungi myeupe ilijaa kwenye makasha, kila mmoja na lakiri yake. Walisukuma vitoroli mara tatu. Kwenye rafu ya nje Musha alichukua kasha moja la mafuta.

Vani ilitoka getini taratibu. Barabara ya viwanda ilikuwa tupu. Upande wa pili wa mtaa, juu ya mapaa, zilionekana taa ndefu za uzio wa kituo cha wahamiaji, bado zinawaka mchana. Musha hakuzitazama.

Walisimama nyuma ya karakana iliyofungwa. Olivier alishuka kubadilisha namba za gari. Mikono ya Musha ilikuwa inatetemeka, na sigara haikumtuliza. Alitoa lakiri ya mtungi mmoja. Harufu kali ilimpanda puani. Alivunja ua dogo, akalisaga kwenye tumbaku, akasokota, akavuta. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Mikono ilitulia. Alidhani ni bangi.

Olivier alipanda, akanusa.

"Beau," alimwita shemeji yake kwa Kifaransa, "umevuta?"

"Kidogo. Mikono ilikuwa inanikataa."

Olivier alicheka. Kicheko cha kweli, cha tumboni. "Haya. Endesha."

Saa tano kasorobo

Kwenye Barabara ya Woodville polisi walikuwa wameweka koni. Magari yaliingizwa pembeni moja moja. Halikuwa zuio la wezi. Lilikuwa lile la kila siku, la kupima pombe na dawa za kulevya kwa madereva.

Musha alipunguza mwendo. Alilijua zuio hilo. Trésor, mwenzake kazini, alivuta bangi ya cheti Jumamosi usiku kwa ajili ya mgongo, akapimwa Jumapili asubuhi. Alionyesha cheti cha daktari. Askari walikisoma wakamrudishia. Barabarani sheria haitaki kujua kama umelewa, wala nani alikuandikia. Inauliza kama THC imo mdomoni. Trésor alipoteza leseni.

Yeye Musha alikuwa amevuta muda si mrefu. Wangemshusha. Wangefungua mlango wa nyuma.

"Olivier. Nimekwisha."

"Tulia."

"Nimevuta sasa hivi!"

"Tulia, nimesema."

Askari alikuwa mwanamke kijana mwenye mafuta ya kukinga jua puani. Aliomba leseni. Alimpa kijiti. "Lamba. Pitisha chini ya ulimi."

Musha alilamba. Askari alikitia kijiti kwenye kifaa chake, akasubiri. Musha alimfikiria Vanessa mezani, akila wali kwa kijiko kikubwa, akimjibu Kiingereza kila alipomsemesha Kiswahili. Pembeni yake, Olivier alikuwa anatazama mpira kwenye simu.

Askari alisoma kifaa.

"Hamna kitu. Siku njema."

Musha alipita koni. Furaha ilikuja, ikapita. Baada yake yakaja mawazo, moja baada ya jingine, bila haraka.

Kifaa kile hakikumjua. Hakikuwa na sababu ya kumhurumia. Kilimkamata Trésor aliyevuta usiku uliotangulia, kikamwachia yeye aliyevuta robo saa iliyopita. Basi alichovuta hakikuwa na THC. Yalikuwa maua ya bangi ya viwandani, ile inayolimwa kwa nyuzi na mbegu. Mmea mmoja, harufu moja, hauleweshi hata panya.

Na Olivier alijua. Mtu mwenye vani iliyojaa bangi hatazami mpira wakati dereva wake analamba kijiti.

Simu ikalia. Kinuthia, kwa sauti ya juu.

"Musha, mambo imeharibika. Mnunuzi amehepa. Polisi wako na habari ya gari. Fika pale uwanjani, petroli iko nyuma ya lori jekundu. Choma kila kitu. Umenisikia? Kila kitu, hata mtungi mmoja usibaki."

"Nimesikia."

"Pole sana, ndugu yangu. Tutajipanga tena."

Saa tano na nusu

Kabla ya kufika Westmead, Olivier aliomba wasimame kando ya bustani. Alivua koti la sare ya vifurushi na kofia, akavitupa kwenye pipa la taka. Kisha akaingia nyuma ya vani, katikati ya makasha, kuvaa shati la kazini.

Musha alishuka. Aliufunga mlango wa nyuma. Akazungusha ufunguo.

Alirudi kwenye usukani. Kati yake na nyuma palikuwa na wavu wa chuma.

"Beau? Mlango umejifunga."

"Nimeufunga."

"Acha mchezo. Niko na zamu."

"Utachelewa. Tunaenda kuchoma wote."

Jengo la hospitali ya Westmead lilipita kulia. Olivier alilifuata kwa macho kupitia wavu.

"Uliniona nimevuta," Musha alisema. "Ukacheka."

"Nilie basi?"

"Askari ananipima, wewe unatazama mpira."

Taa ikawa kijani.

"Shemeji, simama hapa. Tuongee kama watu."

"Kuna nini huko uwanjani?"

"Hakuna kitu."

"Basi twende."

Aliongeza mwendo. Makasha yalisogea. Olivier alishika wavu kwa vidole kumi. Waliacha barabara kuu, wakapita stesheni ya Toongabbie. Kilibaki kilima kimoja.

"Simama! Polisi wako kule! Kinuthia ameshawaita!"

Musha alisimama kando ya barabara. Hakugeuka.

"Sema yote."

Olivier alisema. Apondi alikuwa anatoa maua ya kweli tangu mwaka jana, akijaza mitungi kwa yale yasiyolewesha. Kinuthia aliuza. Jumatatu wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja kuchukua sampuli na kuzipima maabara. Ulihitajika wizi. Ulihitajika moto, majivu yasipimike. Na ulihitajika mwizi, wa kukutwa na polisi kando ya moto.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hauna uraia, beau. Mtu kama wewe akisema kitu, wanafikiri anatafuta kubaki. Wanamupandisha ndege, kesi inaisha."

"Na Faida?"

"Hajui kitu. Mutoto ningemulea mimi. Naapa. Mafuta, shule, yote."

Musha alitazama mikono yake. Haikutetemeka.

"Jina langu wanalo?"

"Jina na namba mpya za gari."

Basi nyumbani hapakuwa pa kwenda tena. Wangekuja huko, mbele ya mtoto. Akichoma, anamwokoa Kinuthia. Akikimbia na kuliacha gari, Olivier atampigia Kinuthia simu aje amtoe, wawashe kiberiti wenyewe. Kilichobaki mkononi mwake ni mitungi mizima. Akiifikisha, mtu atalazimika kuipima.

Alitia gia.

"Musha! Musha, wewe ni mume wa dada yangu!"

Uwanjani

Polisi walikuwa wamewahi, wamejificha nyuma ya lori jekundu, magari matatu. Musha alizima injini, akatupa ufunguo dirishani, akatoa mikono nje. Walimlaza kifudifudi kwenye kokoto. Goti likamkaa mgongoni.

Alikuwa amepanga sentensi moja ya Kiingereza njiani. Aliisema: yale maua yapimwe, si bangi.

"Nyamaza," mwenye goti alisema.

Askari mwingine aliokota ufunguo na kufungua mlango wa nyuma. Olivier alianguka nje kwa magoti. Alivaa shati la bluu la nyumba ya wazee, safi, kitambulisho kikining'inia kifuani. Alikuwa analia. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, kila neno mahali pake.

"Asante Mungu. Asante Mungu. Ni mume wa dada yangu. Aliniambia ananipeleka kazini. Nilipoona makasha nikataka kushuka, akanifungia. Anataka kunichoma pamoja nayo."

Musha aliinua kichwa. Kikasukumwa chini.

Mkubwa wao alipanda nyuma ya vani, akaomba mlango ufungwe. Musha alisikia mkono ukipapasa chuma kwa ndani, ukisukuma, ukitafuta. Mlango ukafunguliwa kutoka nje. Mkubwa akashuka.

"Haufunguki kwa ndani," alisema, na mwingine akaandika.

Ilikuwa kweli. Ulifungwa kutoka nje, na aliyeufunga alikuwa Musha.

Makasha hayakuguswa. Askari kijana alimwekea Olivier blanketi mabegani, akamuuliza kama angependa maji.

Olivier alisema ndiyo, tafadhali.