Kumbe Uko na Bibi!

"Sufuria yangu iko wapi?"

Anaïs hakugeuka. Alikuwa anavifunga vikombe vyake kwa magazeti, pale jikoni kwenye nyumba ya wanafunzi huko ughaibuni, mtaani Ixelles, kana kwamba aliyeuliza ni friji.

"Anaïs, naongea na wewe."

"Iko ku chumba yako. Kila mutu akule yake, c'est tout."

Theophil alihisi hasira zikimpanda. Tangu waanze kupendana walipika sufuria moja: leo wali na maharage yake, kesho fufu na sombe ya Anaïs, ambayo Theophil aliiita kisamvu mpaka wakacheka machozi yakawatoka. Binti wa Bukavu na kijana wa Iringa, jiko moja, rafu moja ya friji. Halafu Jumapili, ghafla bin vuu, akanuniwa. Meseji hazijibiwi, sahani haiwekwi. Wiki nzima kijana wa watu anatafuna mkate na jibini, na sasa masanduku ya binti yako mlangoni!

"Unahamia wapi?"

"Jette, kwa dada yangu. Mujomba wangu, tonton Noé, anakuja na gari."

"Na mimi je?"

"Wewe?" Hatimaye aligeuka, macho mekundu. "Wewe kaa na bibi yako!"

Theophil akaduwaa.

"Bibi yangu amekukosea nini?"

"Haa! Hata haukatae!"

"Nikatae nini? Ndiyo, nina bibi, na ninampenda. Nikirudi likizo nalala kwake, ananipikia, ananikuna mgongo..."

"Mon Dieu! Funga kinywa!" Anaïs alilibwaga gazeti. "Jumapili nilikuwa nakuletea chakula. Simu yako ilikuwa ku haut-parleur, sauti yote inje. Mwanamuke anasema, 'Mume wangu, umekula?' Na wewe unajibu, 'Nimekumiss, bibi.' Alors miye nilisimama ku mulango na sahani ku mikono, kama mujinga!"

"Si ananitania tu! Bibi wote wanatania hivyo!"

"Bibi wote? Kwani uko na wangapi?"

"Walikuwa wawili! Mmoja amefariki!"

Nje honi ikalia. Theophil alipiga meza kwa ngumi, uvumilivu umemwisha.

"Ajuza wa miaka themanini na kitu, hana jino hata moja, ndiye unamwonea wivu?"

Anaïs, aliyekwisha kushika sanduku, akaliachia.

"Miaka... ngapi?"

"Ni mama yake baba yangu, Anaïs!"

"Koko yako?"

"Koko ndiyo nini?"

"Mama ya baba ni koko." Sauti ilimpungua. "Bibi... bibi ni mwanamuke mwenye umeoa."

Theophil aliketi juu ya sanduku moja. Hakucheka. Alikuwa na njaa na alikuwa ameumia.

"Wiki nzima! Ulishindwa kuniuliza?"

"Niliogopa utasema ndiyo."

"Na nimesema ndiyo!"

Hapo ndipo Anaïs alipocheka, huku analia, akifuta kamasi kwa gazeti. Theophil alitaka kuendelea kukasirika, akashindwa. Akapiga simu ya video. Uso wenye makunyanzi ukajaa kwenye kioo.

"Mume wangu! Mbona umekonda hivyo?"

"Bibi, kuna mtu alitaka kuniacha kwa ajili yako."

"Mke mwenzangu huyo? Hebu mpe simu nimwone."

Anaïs aliishika simu kwa mikono miwili.

"Jambo, koko."

"Sijambo, mwanangu. Mume wetu amebaki mifupa. Unampikia kweli?"

Anaïs aliinamisha kichwa, aibu imemjaa.

"Nitamupikia, koko. Leo leo."

Theophil alisogea, akaingiza uso wake kwenye kioo kando ya ule wa Anaïs.

"Bibi, nimepata bibi."

"Umepata nani?"

Honi ikalia tena, safari hii kwa fujo. Anaïs alichukua kikombe kimoja, akakivua gazeti, akakirudisha kabatini.

"Shuka umuambie tonton arudi Jette," alisema. "Halafu leta ile sufuria."